Jumuiya Haitoweki Kama Ukungu

Muhula uliopita tulipewa zoezi la kutafsiri tangazo la safari kutoka Kifaransa kwenda Kiswahili. Lilitangaza ziara ya kikundi, yenye mwongozaji, ya siku nane katika pwani na visiwa vya Ugiriki. Msafiri aliahidiwa vitu viwili: urithi wa Wayahudi na mandhari ya Bahari ya Mediterania. Siku ya tano ilikuwa ya kisiwa cha Rhodes. Asubuhi, saa moja na nusu katika mtaa wa kale wa Wayahudi. Kisha chakula cha mchana bandarini. Kisha kuogelea mpaka jua litue. Kuhusu wenyeji wa mtaa huo, tangazo lilikuwa na sentensi moja tu: hapa iliishi jumuiya iliyotoweka wakati wa vita.

Mimi niliandika "jumuiya iliyoondolewa na jeshi la Ujerumani". Mwalimu wangu, ambaye ninamheshimu sana, alikata alama mbili na kuandika pembeni kwa wino mwekundu: "Mfasiri haongezi." Kama suala ni alama, sina ugomvi. Ugomvi wangu ni na tangazo lenyewe, na aina hii ya ziara kama inavyouzwa. Nadai kwamba ziara ya namna hii haihifadhi urithi wa mtu yeyote. Inawanyang'anya waliokufa sababu ya kifo chao, na inawanyang'anya walio hai haki yao ya kuwa warithi.

Nianze na kitenzi, kwa kuwa sisi ni wanafunzi wa lugha. Ukungu hutoweka. Harufu ya chakula hutoweka. "Kutoweka" ni kitenzi kisichomtaja mtu wa kuulizwa. Wayahudi wa Rhodes hawakutoweka. Italia, iliyokishika kisiwa hicho mwaka 1912, ilitunga sheria za ubaguzi dhidi ya Wayahudi mwaka 1938. Watoto wao walifukuzwa katika shule za serikali. Chuo cha marabi kilichokuwa fahari ya kisiwa kilifungwa. Septemba 1943 Italia ilisalimu amri, na Wajerumani wakakitwaa kisiwa. Julai 1944 Wajerumani waliwaamuru wanaume wa Kiyahudi waripoti. Baada yao waliitwa wanawake, watoto na wazee, wakiambiwa waje na vitu vyao vya thamani. Tarehe 23 Julai walipelekwa kwa miguu hadi bandarini na kupakiwa katika mashua za mizigo. Walipofika Piraeus walifungiwa kambini, kisha wakasafirishwa kwa mabehewa ya treni. Tarehe 16 Agosti 1944 walifika Auschwitz. Wakijumlishwa na wenzao wa kisiwa cha Kos walikuwa takriban 1,700. Waliobaki hai mpaka mwisho wa vita ni takriban 150.

Someni tena aya hiyo mtazame vitenzi vyake. Kuna waliotunga, waliofukuza, walioamuru na waliopakia. Kuna hata aliyekataa. Balozi mdogo wa Uturuki kisiwani, Selahattin Ülkümen, alikwenda kwa Wajerumani akadai waachiliwe wale wenye uraia wa Uturuki pamoja na jamaa zao, na takriban watu 40 wakaokoka. Alikuwa mtu mmoja mwenye cheo na ulimi. Ukisema jumuiya "ilitoweka", unamfuta muuaji na mwokozi kwa pamoja, maana ambapo hakuna aliyetenda, hakuna pia aliyeweza kutenda vinginevyo.

Sasa nije kwenye bahari. Ratiba ile inachora mstari katikati ya siku: urithi ni wa asubuhi, mandhari ni ya mchana. Lakini mtaa wa Wayahudi wa Rhodes, ambao wenyewe waliuita La Juderia, uko ndani ya kuta za mji mkongwe, jirani kabisa na bandari. Katikati yake kuna Uwanja wa Wafiadini Wayahudi, wenye chemchemi iliyopambwa kwa sanamu za farasi-bahari, na karibu nayo jiwe jeusi la ukumbusho lenye maandishi ya lugha kadhaa. Kutoka hapo hadi majini ni mwendo wa dakika chache. Mgeni anayekula samaki bandarini saa saba mchana yuko kwenye njia ya tarehe 23 Julai, na hakuna aliyemwambia.

Bahari ile iliwaleta na ikawapeleka. Mwaka 1492 Wayahudi walifukuzwa Uhispania. Wengi wao walipokelewa katika dola ya Waturuki wa Othmani, na dola hiyo ilipoiteka Rhodes mwaka 1522, familia za wakimbizi hao zikaja kuishi kisiwani. Zilijenga masinagogi, na mojawapo, Kahal Shalom, linahesabiwa kuwa la mwaka 1577. Hadi leo linatumika, na ndilo kongwe kuliko yote yanayotumika Ugiriki. Mwanzoni mwa karne ya 20 vijana walipanda meli kwenda kutafuta maisha mbali. Mwaka 1944 waliobaki walipandishwa mashua kwa nguvu. Ukiitoa bahari katika historia hii, historia haisimami. Ukiitoa historia katika bahari, unabaki na maji ya kuogelea. Tangazo lilichagua hilo la pili na kuliita mandhari, yaani kitu cha kutazamwa tu, kisichodai jibu kwa anayekitazama.

Kuhusu neno "urithi", Kiswahili chetu kina adabu ambayo tangazo halina. Urithi unadai watu. Mwambie mzee yeyote kwamba shamba hili ni la urithi, naye atakuuliza: aliliacha nani, na ameachiwa nani? Tangazo halijibu swali la kwanza na halijui kama la pili lipo. Lina vichochoro vya mawe, lina sinagogi, lina mgeni mwenye kamera. Pale ambapo angesimama mrithi, amesimama aliyelipa nauli.

Warithi wapo. Mimi ninasoma Lubumbashi, na katika mji huu limesimama sinagogi lililojengwa mwaka 1930, mji ulipokuwa ukiitwa Elisabethville. Waliokuja kusali humo, kwa sehemu kubwa, walikuwa watu wa Rhodes waliofuata biashara katika nchi ya shaba. Rabi Moïse Levy, aliyekuja kuwaongoza mwaka 1937, alisomea katika kile chuo cha marabi kilichofungwa mwaka uliofuata. Sami Modiano, aliyezaliwa Rhodes mwaka 1930 na kupelekwa Auschwitz angali mtoto, alihamia Kongo baada ya vita, kabla ya kurudi Ulaya na kuwa shahidi mbele ya vijana na wageni. Moïse Katumbi, aliyekuwa gavana wa Katanga kuanzia 2007 hadi 2015, ni mtoto wa mama Mkongo na baba Myahudi wa Rhodes. Wengine walikwenda Harare, Cape Town, Seattle. Jumba la makumbusho lililo kando ya Kahal Shalom lilianzishwa mwaka 1997 na mwanasheria wa Los Angeles, Aron Hasson, mjukuu wa watu wa kisiwa hicho. Je, hao ni watu wa jumuiya iliyotoweka?

Sisemi hivi ili kumfanya kila mtu wa Rhodes kuwa malaika. Elisabethville ulikuwa mji uliogawanywa kwa rangi. Waafrika waliwekwa katika mtaa wa Albert, ambao leo tunauita Kamalondo, na wafanyabiashara wa Rhodes waliishi upande wa pili wa mpaka huo, hata kama Wabelgiji wenyewe mara nyingi waliwatazama kwa dharau. Mtu anaweza kudhulumiwa kisiwani kwake na kufaidika na dhuluma ya kwingine. Huo nao ni urithi, na mrithi wa kweli huachiwa madeni pamoja na mali. Ziara inayoogopa kumtaja muuaji haitakuwa na ujasiri wa kusema jambo gumu kama hilo.

Kuna urithi mwingine ambao ratiba haikuutengea hata dakika moja: lugha. Kwa zaidi ya miaka 400 Wayahudi wa Rhodes walizungumza Kiladino, lugha ambayo mifupa yake ni Kihispania cha kale na nyama yake imeongezwa na Kiebrania, Kituruki, Kigiriki na Kiitaliano. Waliiandika kwa herufi za Kiebrania, kama wazee wetu wa pwani walivyoandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Ndani yake kulikuwa na methali, nyimbo za arusi, matusi ya sokoni na maneno ya kumtuliza mtoto. Leo huwezi kuisikia ikizungumzwa katika vichochoro vya La Juderia kama lugha ya nyumbani. Kuta zimebaki kwa sababu ni za mawe. Sisi tunaojifunza isimu, tukikubali kwamba kuta ndizo urithi na lugha ni mapambo, tutakuwa tumejifunza nini?

Najua majibu yatakayokuja. La kwanza: pesa za watalii ndizo zinazolitunza sinagogi. Ni kweli kwamba Wayahudi wanaoishi Rhodes leo ni wachache sana, na bila wageni jengo lingekuwa gumu kutunza. Kwa hiyo siwapingi watalii. Waje, tena wengi. Ninachopinga ni kuwauzia dakika 90 zilizobanwa kati ya kifungua kinywa na samaki, kisha kuwapongeza kwamba wameujua urithi wa watu.

La pili: mtu aliye likizoni hataki matanga. Basi auziwe safari ya ufukweni, ambayo ni halali na ni nzuri. Hakuna aliyemlazimisha mwenye tangazo kuandika neno "Wayahudi". Aliliandika kwa sababu linauza. Ukilitumia jina la watu kuuzia tiketi, umejitwika deni la kusema yaliyowapata watu hao.

La tatu ndilo lililonikera zaidi, kwa sababu lilitoka kwa wenzangu darasani: hayo ya Wazungu na Wayahudi yanatuhusu nini? Kwa sisi wa Lubumbashi jibu ni fupi. Tuna sinagogi mjini. Kwa wenzetu wa nchi jirani, jibu ni kazi tutakayofanya. Wengi wetu tutakuwa wafasiri, waandishi wa matangazo na waongozaji wa watalii. Kibuye, nchini Rwanda, kuna kanisa juu ya Ziwa Kivu ambako maelfu waliuawa Aprili 1994, na ziwa lile ni zuri kupita maelezo. Mtu akituletea kesho tangazo linalosema "jumuiya iliyotoweka" mahali kama pale, hakuna kati yetu atakayelivumilia. Kama hatutalivumilia kwa jirani, kwa nini tulitafsiri kwa utulivu kwa watu wa Rhodes? Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Hawakusema kovu hilo liwe la nani.

Mabadiliko ninayodai ni ya ratiba, wala hayahitaji fedha nyingi. Ziara ianze na lugha: kabla ya kuoneshwa ukuta, wageni wasomewe methali za Kiladino na waelezwe maana yake. Watoke uwanjani hadi bandarini kwa miguu kabla ya chakula, na tarehe isemwe pale pale, mbele ya maji, na mtu anayejua nani alitoa amri. Wapewe orodha ya miji walikokwenda watu wa kisiwa hiki, Lubumbashi ikiwamo, ili mgeni ajue kwamba anatembelea nyumba ya watu walio hai. Baada ya hapo, atakayetaka kuogelea na aogelee. Bahari haina kosa. Watu wa Rhodes nao waliipenda na kuoga humo, mpaka walipokatazwa kuishi.

Na kwako, Mwalimu. Ulisema mfasiri haongezi, na ninakubali kwamba huo ndio msingi wa kazi yetu. Lakini mwenye tangazo alikuwa tayari amepunguza kabla karatasi haijanifikia. Alikuwa na watu, tarehe, amri na mashua, akatuletea ukungu. Labda nilipaswa kuitafsiri sentensi yake kama ilivyo na kuweka chini yake maelezo ya mfasiri, yenye jina langu. Nimelifikiria sana hilo, na nadhani ungekuwa uamuzi bora kuliko wangu. Zoezi likirudi nitafanya hivyo. Maelezo hayo yatakuwa marefu kuliko tangazo lenyewe, nawe utaamua yanastahili alama ngapi.