Mkimbiaji ni Mfanyakazi wa Nani?

Muhula uliopita, mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili alinijia afisini hapa Njoro na barua ya kuomba kuahirisha masomo. Wakala fulani alikuwa amemwahidi mbio za barabarani huko Ulaya. Nilimwuliza ni nani atakayemwajiri. Akatabasamu kwa adabu, akanijibu: "Mwalimu, sitaajiriwa. Nitakuwa mwanariadha wa kulipwa."

Kwa kuwa kazi yangu ni maneno, nitaanzia hapo. Kiswahili hutofautisha mchezaji wa ridhaa na mchezaji wa kulipwa. (Wanafunzi huchanganya ridhaa na riadha katika insha kila mwaka, ilhali mizizi yake ya Kiarabu ni mbalimbali: neno la kwanza lahusu kukubali kwa moyo, la pili lahusu mazoezi.) Linalostahili kuzingatiwa zaidi ni hilo "kulipwa". Ni kitenzi katika kauli ya kutendwa, na mtenda hakutajwa. Analipwa na nani, kwa mkataba upi, na hadi lini? Sarufi haisemi. Wala sisi walimu hatusemi.

Nilimkumbuka Samuel Wanjiru, aliyezaliwa Novemba 1986 huko Nyahururu, mji ambao wazee bado huuita Thomson's Falls. Mwaka 2002, angali kijana wa miaka 15, alipelekwa Japani kusoma katika shule ya upili ya Sendai Ikuei. Njia hiyo haikuwa ngeni, kwani Douglas Wakiihuri na Eric Wainaina walikuwa wamekwisha kunolewa Japani na kuiletea Kenya nishani za Olimpiki katika marathoni. Baada ya shule Wanjiru aliingia katika timu ya Toyota Kyushu chini ya kocha Koichi Morishita, mshindi wa nishani ya fedha ya marathoni huko Barcelona 1992.

Nawasihi wasomaji wautazame mpango huo kwa makini. Nchini Japani, mkimbiaji wa timu ya kampuni huwa ni mwajiriwa wa kampuni. Ana mshahara, ana bweni, ana kocha amwonaye kila alfajiri, na ana msimamizi wa kumwuliza alikolala. Wanjiru alijifunza Kijapani barabara, na mara kwa mara alilitaja neno gaman, yaani kustahimili pasipo kunung'unika. Katika mazingira hayo alivunja rekodi ya dunia ya nusu marathoni mara tatu, ya kwanza mwaka 2005 akiwa na miaka 18, ya mwisho Machi 2007 kwa dakika 58 na sekunde 33.

Mwaka 2008 aliiacha kampuni hiyo, akawa mtu wa kujitegemea. Tarehe 24 Agosti mwaka huo, katika joto la Beijing, aliiletea Kenya dhahabu yake ya kwanza ya marathoni ya Olimpiki kwa saa 2:06:32, akaipunguza rekodi ya Carlos Lopes ya 1984 kwa karibu dakika tatu. Rekodi yake ilidumu hadi Agosti 2024, Tamirat Tola wa Ethiopia alipoipunguza kwa sekunde sita jijini Paris. Katika marathoni saba alizowahi kukimbia, Wanjiru alishinda tano. Mara mbili mfululizo alitwaa tuzo ya msururu wa marathoni kuu za dunia, kila mara dola 500,000. Kisha usiku wa tarehe 15 Mei 2011 alianguka kutoka roshani ya nyumba yake mjini Nyahururu, akafa. Alikuwa na umri wa miaka 24.

Sitadai kwamba mkataba ungemwokoa. Mengi yamesemwa kuhusu usiku ule, na si haki kuyachokora. Ninachosema ni kwamba kijana aliyelelewa na taasisi tangu akiwa na miaka 15 alirejea nyumbani na mamilioni, na hapakuwa na taasisi yoyote iliyomsubiri.

Nchini Marekani, mchezaji wa besiboli, hata yule anayelinda pembe ya mbali ya uwanja ambako mpira hufika kwa nadra, ana chama cha kumtetea. Ligi yao kuu ina mpango wa pensheni tangu 1947, na siku 43 za utumishi katika ligi hiyo zatosha kumpa mtu haki ya kudai. Mkimbiaji wetu hupokea fungu la zawadi, hukatwa ushuru na fungu la wakala, basi. Hazina ya Kitaifa ya Hifadhi ya Jamii hupokea michango ya hiari ya waliojiajiri, ila sijapata kusikia mwalimu wa michezo akiwaeleza hilo vijana uwanjani. Kelvin Kiptum alikimbia marathoni tatu tu, ya mwisho Chicago mwaka 2023 kwa rekodi ya dunia ya 2:00:35, kabla ya ajali ya barabarani kumwua Februari 2024. Naye pia alikuwa na miaka 24.

Barua ya mwanafunzi wangu niliitia sahihi. Miguu ni yake. Nilimwomba jambo moja, aniletee mkataba kabla hajauridhia. Aliuleta Ijumaa, kurasa kumi na moja za Kiingereza cha mawakili, tukaketi kuusoma. Kufikia saa kumi na moja jioni tulikuwa kwenye ukurasa wa tatu, tungali tunatafuta ni nani "mlipaji".