Kompyuta Bila Mwalimu ni Pambo

Katika miaka ya karibuni imekuwa kawaida kwa shule zetu kupokea kompyuta kwa shangwe. Wageni hufika, ngoma huchezwa, hotuba hutolewa na picha hupigwa. Ni jambo jema, na anayelibeza halitakii mema taifa hili. Hata hivyo, hatuna budi kuuliza swali ambalo aghalabu halisikiki siku ya sherehe: wageni wakishaondoka, nani atafundisha?

Nilipata kufika katika shule moja ya sekondari ya kata, nikaonyeshwa chumba cha kompyuta. Mlango ulikuwa na kufuli mbili. Ndani, mashine kumi zilikuwa zimefunikwa vitambaa vilivyofumwa kwa mkono, mithili ya makochi ya sebuleni. Mwenye funguo alikuwa mwalimu wa Jiografia. "Ndugu yangu," aliniambia, "nikifungua na moja ikaharibika, nitaandika barua ya kujieleza. Nikifunga, hakuna atakayeniuliza."

Mwalimu huyo si mvivu. Amekabidhiwa mali bila kupewa ujuzi wa kuitumia, wala fungu la kuitengeneza, na amejilinda kama ambavyo mtumishi yeyote angejilinda.

Jambo hili si geni kwetu. Serikali ilianza kutumia kompyuta katika miaka ya 1960, lakini ilipofika mwaka 1974 ikapiga marufuku uingizaji wake nchini. Mashine zilikuwa zimewatangulia wataalamu wazalendo, na fedha za kigeni zilikuwa zikiteketea. Itakuwa aibu kurudia kosa lile lile shuleni leo, wakati nchi ina vyuo vikuu na vijana waliohitimu fani hiyo ambao hawana kazi.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, imeweka mikondo miwili ya sekondari, wa jumla na wa amali, na mtaala mpya ulianza kutumika Januari 2024. Shabaha yake inakumbusha Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967: shule imwandae kijana kwa maisha atakayoishi, si kwa mtihani tu. Katika miaka ya 1970 tulikuwa na michepuo ya kilimo, ufundi, biashara na sayansikimu. Vifaa vilipochakaa na walimu wakapungua, kazi ya mikono ikageuzwa adhabu ya wachelewaji, na wazazi wakaiona elimu ya ufundi kuwa ya walioshindwa. Amali nayo itafikwa na hayo tusipojihadhari.

Tutazame fedha. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, ruzuku ya uendeshaji ilipangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa msingi na shilingi 25,000 kwa wa sekondari. Kwa kiwango hicho, shule yenye wanafunzi 400 hupata shilingi milioni 10. Fungu hilo linatazamiwa kwa vifaa vya kufundishia, mitihani na ukarabati. Mkuu wa shule aliyebanwa hivyo hawezi kulaumiwa akiona bili ya umeme wa chumba cha kompyuta kuwa ni anasa.

Kwa hiyo, kila bajeti ya kununua mashine haina budi kuandamana na bajeti ya mafunzo ya walimu, umeme na matengenezo. Pasipo na fungu hilo, ni heri shule tano zipate zana kamili kuliko shule ishirini zigawiwe masanduku. Wanafunzi wa amali wafundishwe kuzifungua na kuzitengeneza kompyuta hizo hizo, kwa maana huo nao ni ufundi unaoweza kumpatia mtu riziki. Nao wakaguzi wahesabu saa ambazo mashine zimetumika, badala ya kuhesabu mashine zilizomo chumbani. Kifaa kilichochakaa kwa kufundishia kisiwe sababu ya kumwadhibu mwalimu.

Mwisho, tujihoji sisi wenyewe, watumishi wa umma na walimu. Tunausifu mkondo wa amali mikutanoni. Je, tuko tayari kumwandikisha humo mtoto wa kumzaa wenyewe? Ikiwa jibu ni hapana, basi tueleze ni kitu gani kinachokosekana, kisha tukidai kwa ajili ya watoto wote.