Si Kila Moyo Uendao Mbio ni wa Mawazo



Mwezi huu tunazungumzia maradhi ambayo kwetu hupewa majina mengi kabla ya kupewa jina lake. Mama akitetemeka mikono, akikosa usingizi, akawa mwepesi wa hasira na moyo ukamdunda, husemwa ana mawazo ya ugenini, au kapatwa na hasadi. Asomewe Kurani, na hilo ni la kheri. Lakini na damu yake ipimwe.

Mbele ya koo pana tezi ya thairoidi, yenye umbo la kipepeo. Homoni zake ndizo ziupimiao mwili kasi ya kazi. Zikizidi, huuhimiza moyo zenyewe, tena huufanya uwe mwepesi wa kuitikia adrenalini, homoni ya hofu. Ndipo mgonjwa akafanana na mtu aliyeshtuka, ilhali hakuna kilichomtisha. Mwaka 1835, daktari Robert Graves wa Dublin aliandika habari za wanawake wenye rovu na mapigo makali ya moyo. Mmoja wao, binti wa miaka 20, hapo awali ilidhaniwa ana matatizo ya hisia tu.

Zipo dalili za kutofautisha, ingawa hazitoshi bila kipimo. Mwenye wasiwasi, mara nyingi viganja vyake ni baridi, na akilala moyo hutulia. Mwenye maradhi haya, viganja ni vya moto na vyenye jasho, joto humshinda, hukonda naye anakula, na moyo huenda mbio hata usingizini. Mhesabuni mapigo ya mkono kwa dakika nzima akiwa ametulia: kwa mtu mzima, kawaida ni 60 hadi 100.

Wazee wetu waangaliwe zaidi, kwani huenda wasitetemeke wala wasiwe na rovu. Huonekana kukonda, kuchoka na mapigo yasiyo na mpangilio. Mapigo hayo huweza kugandisha damu moyoni, na donge likifika ubongoni huleta kiharusi.

Dawa zipo: nyingine hutuliza moyo, na nyingine, kama kabimazoli, huipunguza kazi tezi. Anayetumia kabimazoli akipata homa au maumivu ya koo amwone daktari siku hiyo hiyo. Na kabla ya Ramadhani aulize saa za kunywa dawa. Asiziache kwa shauri lake mwenyewe.

Wabillahi tawfiq.