Hatamu za Jua

Wayunani wa kale walisimulia habari za Phaethon, kijana aliyetaka kuwathibitishia wenzake kwamba yeye ni mwana wa Helios, yaani Jua. Akaomba aliendeshe gari la farasi la baba yake siku moja tu. Farasi wakamshinda, ardhi ikaungua, mito ikakauka, hata Zeus akamwangusha kwa radi.

Wengi humlaumu kijana, na kweli hakuijua kadiri yake. Lakini sisi twamtazama zaidi mwenye hatamu. Helios aliapa kumpa mwanawe atakacho kabla hajalisikia ombi lenyewe. Kisha, akijua fika kwamba hata Zeus hawezi kuwaongoza farasi wale, akamkabidhi. Je, walioteketea mashambani mwao, nani aliwataka shauri?