Mlango wa Haki Usiwe Kitendawili kwa Mfanyakazi wa Karatu

Mfanyakazi anapoachishwa kazi hudhani kwamba hatima yake itaamuliwa na swali moja: je, mwajiri alikuwa na sababu halali, na alifuata utaratibu? Asilolijua ni kwamba lipo swali linalotangulia, ambalo likijibiwa vibaya, hilo la haki halitasikilizwa kamwe: shauri umelifungua mahali gani? Hoja yangu ni kwamba mzigo wa kujibu swali hilo umetwishwa mtu asiyestahili kuubeba, na kwamba Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inao uwezo wa kumtua sehemu kubwa ya mzigo huo hata kesho, bila kulisubiri Bunge.

Tuanze na sheria yenyewe. Kanuni ya 22 ya Kanuni za Usuluhishi na Uamuzi, zilizotolewa kwa Tangazo la Serikali Na. 64 la mwaka 2007, inaelekeza kwamba mgogoro usikilizwe katika ofisi ya Tume inayohusika na eneo ambako chanzo cha mgogoro kilitokea, isipokuwa Tume ielekeze vinginevyo. Kwa kiwanda chenye ukuta na geti, kanuni hiyo haina utata: mashine ziko hapa, mfanyakazi yuko hapa, na barua ya kumwachisha kazi imetolewa hapa. Lakini sehemu kubwa ya uchumi wa Karatu na Ngorongoro haina ukuta wala geti. Unatembea kwa magurudumu na kwa kwato.

Tuchukue mfano wa mpishi wa kambi ya watalii inayohamishwa kwa misimu. Mkataba ameutia saini Arusha mjini, kwenye ofisi ya kampuni. Familia yake inaishi Karatu. Kuanzia Desemba hadi Machi, nyumbu wanapokuwa katika nyanda za kusini, yeye anapika Ndutu, ndani ya Wilaya ya Ngorongoro, Mkoa wa Arusha. Ifikapo Julai, kambi inawafuata nyumbu hadi Kogatende, kaskazini mwa Serengeti, Mkoa wa Mara. Siku moja ya Agosti anapokea simu kutoka ofisini Arusha: kazi imekwisha, rudi nyumbani. Chanzo cha mgogoro kimetokea wapi? Ni kinywani mwa aliyepiga simu, Arusha, au sikioni mwa aliyeipokea, Mara? Mawakili wawili waliosoma darasa moja wanaweza kubishana juu ya jambo hili hadi jua litue. Mpishi asiye na wakili anatakiwa alijue peke yake, ndani ya siku 30, kwa kuwa huo ndio muda anaopewa kuufikisha mgogoro wa kuachishwa kazi mbele ya Tume.

Akikosea, mwajiri mwenye wakili hana haraka. Mahakama ya Rufani imekwisha kusisitiza mara nyingi kwamba suala la mamlaka ya kusikiliza shauri laweza kuibuliwa katika hatua yoyote. Basi wakili anaweza kunyamaza kwenye usuluhishi, akanyamaza kwenye uamuzi, kisha mpishi akishinda, akaenda Mahakama Kuu kuomba marejeo na kudai kwamba ofisi iliyosikiliza haikuwa sahihi. Hoja hiyo ikikubaliwa, mwenendo wote unabatilishwa. Mpishi anarudi mwanzo, na kwa kuwa siku zake 30 zilikwisha zamani, analazimika kuomba aongezewe muda na kueleza sababu za kuchelewa, ilhali yeye hakuchelewa hata siku moja. Mtu aliyewahi anageuzwa mchelewaji kwa kosa la kubisha hodi kwa jirani.

Wengine hukosea mlango mapema zaidi. Hukimbilia Mahakama ya Mwanzo iliyo karibu, wakati mfumo uliowekwa na sheria za kazi za mwaka 2004 unaanzia kwenye Tume. Karani wa Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro na mhudumu wa hoteli wanaweza kufanya kazi kwenye ukingo wa kreta moja na kuondolewa kazini asubuhi moja, lakini njia zao hazifanani: tangu marekebisho ya mwaka 2016 ya Sheria ya Utumishi wa Umma, mtumishi wa umma hana budi kumaliza kwanza ngazi za rufaa za utumishi. Ni nani aliyewaeleza haya siku walipoajiriwa?

Sasa tulinganishe. Chini ya Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 33, mfanyabiashara anayedai deni anaweza kumshtaki mdaiwa mahali anapoishi au anapofanyia biashara, au mahali chanzo cha madai kilipotokea. Ana milango kadhaa. Tena sheria hiyohiyo inasema pingamizi kuhusu mahali pa kufungulia shauri litolewe mapema iwezekanavyo, na kwamba mahakama ya juu haitalisikiliza likichelewa, au kama hakuna haki iliyopotea kwa sababu yake. Huruma hiyo anapewa mwenye fedha anayedai fedha. Mpishi anayedai mshahara anapewa mlango mmoja, usio na kibao.

Najua jibu la waajiri: mahali pasipojulikana mapema patamfanya mdai achague ofisi inayomfaa, na kumsumbua mwajiri kwa safari. Hoja hiyo ina uzito, lakini haitoshi. Kampuni iliyoweza kupeleka mahema, magari na wageni hadi Kogatende haiwezi kulalamika kwamba kufika Arusha ni mbali. Umoja wa Ulaya, katika Kanuni yake Na. 1215 ya mwaka 2012, umemruhusu mfanyakazi kumshtaki mwajiri mahali mwajiri alipo, au mahali ambapo kwa kawaida kazi inafanyika au inaanzia. Sioni kwamba biashara imekufa huko.

Kwa hiyo nadai mambo matatu. La kwanza: ofisa anayepokea fomu ya mgogoro amuulize mfanyakazi aliajiriwa wapi, alifanya kazi wapi na aliachishwa akiwa wapi, kisha Tume itoe maelekezo ya maandishi kuhusu ofisi itakayosikiliza. Maneno "isipokuwa Tume ielekeze vinginevyo" yamo ndani ya kanuni tangu 2007, yatumike. La pili: ofisi ikionekana si sahihi, jalada lihamishwe badala ya kufutwa, na tarehe ya kwanza ya kulifungua ihesabiwe. La tatu, ambalo linahitaji kanuni zirekebishwe: pingamizi kuhusu eneo lisikilizwe kwenye kikao cha kwanza tu, na asiyelitoa hapo ahesabiwe ameridhia.

Ibara ya 107A ya Katiba inazitaka mahakama zitende haki bila kufungwa kupita kiasi na masharti ya kiufundi. Mwaka 2017 tulitunga Sheria ya Msaada wa Kisheria, na mwaka 2021 tukakifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zetu. Hatua hizo zilikuwa za kumsogeza mwananchi karibu na haki. Lakini mtu anaweza kusikilizwa kwa Kiswahili fasaha na bado akaambiwa, baada ya miaka miwili ya nauli kati ya Karatu na Arusha, kwamba alipaswa kwenda Musoma. Wanafunzi wangu wa sheria, wanaharakati na watumishi wa Tume mnaosoma hapa: mwajiri anayejua alimwachisha mtu kazi isivyo halali asiruhusiwe kushinda kwa kutumia ramani.