RTX 3060 au RTX 4060? Nabadilisha kura yangu

Najua nimepotea. UE zilitukaba koo, halafu bumu nalo likachelewa, hata bando la kuingia humu lilikuwa la kuomba kwa watu. Leo nimerudi na jambo moja linaloninyima usingizi, na Ijumaa lazima liwe limeamuliwa.

Kwa wasiojua, tuko wanne kwenye mradi wa mwaka wa mwisho. Tunataka kufundisha modeli ielewe Kiswahili kinachosemwa. Kompyuta ya mezani tunayo, mzee fulani hivi, ila haina kadi ya grafiki. Tumekubaliana kila mtu akate kwenye bumu lake tununue moja. Zilizo mbele yetu ni mbili: RTX 3060 ya mtumba yenye memori ya GB 12, na RTX 4060 mpya yenye GB 8. Bei tulizotajiwa zimekaribiana.

Wiki iliyopita mimi ndiye niliyesimama pale kimbweta nikahubiri 4060 mpaka wenzangu wakanyoosha mikono. Leo nasema hadharani: nilikosea.

Kosa langu lilianzia kwenye namba moja, teraflopu. Namba hiyo haipimwi kwa kuiendesha kadi, inapigwa kwa kalamu tu. Chukua idadi ya kore, zidisha kwa 2, zidisha kwa gigahezi. RTX 3060 iliyotoka Februari 2021 ina kore 3584 zinazofika gigahezi 1.78, unapata teraflopu 12.7 hivi. RTX 4060 iliyotoka Juni 2023 ina kore chache zaidi, 3072, lakini zinakimbia hadi gigahezi 2.46, unapata 15.1. Yaani 4060 inaongoza kwa karibu asilimia 19. Nikaona mjadala umeisha. Mshikaji wangu wa kitanda cha juu akanipigia makofi kabisa, "Oya, namba kubwa ndiyo namba, unataka nini tena?"

Shida ni kwamba hesabu ile inadhani kore zote zina kazi kila sekunde. Kore haili hewa jamani, inakula data, na data inatoka kwenye memori. Twende huko sasa.

3060 ina njia ya memori yenye upana wa biti 192, kila biti ikipitisha gigabiti 15 kwa sekunde. Gawanya kwa 8, inakuja GB 360 kwa sekunde. 4060 imepunguziwa njia hadi biti 128. Hata kwa memori yake ya gigabiti 17, inaishia GB 272. Hapa mtumba anaongoza kwa asilimia 32. NVIDIA waliziba pengo hilo kwa kuiongezea 4060 memori ndogo ya ndani ya chipu, ile L2, kutoka MB 3 mpaka MB 24. Kwenye gemu inasaidia sana, ndiyo maana kwenye skrini ya kawaida ya 1080p 4060 huitangulia 3060. Hilo silipingi. Angekuwa anayenunua ni mtu wa gemu, ningemwambia chukua 4060 ulale salama.

Ila sisi hatununui gemu. Modeli ikiwa inafundishwa kwa njia ya kawaida, kila kigezo kinakula baiti 16: 4 za kigezo chenyewe, 4 za mteremko wake, na 8 za kumbukumbu anazotunza Adam, yule anayerekebisha vigezo. Chukua modeli ya vigezo milioni 500. Mara 16, hiyo ni GB 8. Kadi ya GB 8 imeshajaa, na hujaingiza hata sekunde moja ya sauti! Kwenye GB 12 unabaki na GB 4 za kupumulia.

Zipo mbinu za kubana, nazijua. Unatumia namba za biti 16, unapunguza sampuli zinazoingia kwa mkupuo, au unafundisha sehemu tu ya modeli. Lakini kila mbinu ina gharama yake, ama muda ama usumbufu, na sisi muda ndio hatuna. Data ikimwagikia kwenye RAM ya kompyuta ndiyo balaa zaidi, kwa sababu 4060 inaunganishwa kwa njia 8 tu za PCIe wakati 3060 inatumia 16. Kwenye mazabodi kongwe kama yetu ya PCIe 3.0, hiyo ni karibu GB 8 kwa sekunde dhidi ya 16. Teraflopu zangu 15 zingekuwa zimepanga foleni mlangoni.

Sasa niwe mkweli na upande wa pili. 3060 inakula wati 170, mwenzake wati 115. Tukiiwasha kwa nguvu zote saa 8 kila usiku, tofauti ni uniti 0.44, mwezi mzima uniti 13 na ushee. Anayelipa LUKU ataziona. Pia mtumba ni mtumba. Kadi ya 2021 inaweza kuwa ilichimba Ethereum usiku na mchana hadi Septemba 2022 uchimbaji ule ulipokoma. Hatutatoa hela kabla ya kuiendesha kwa nguvu zote mbele ya muuzaji, tusikilize feni na kuangalia joto.

Halafu kuna mtego mwingine: Oktoba 2022 ilitoka RTX 3060 nyingine ya GB 8, njia biti 128, GB 240 kwa sekunde. Jina lile lile! Ukienda dukani na jina tu kichwani, umeliwa. Soma namba ya memori kwenye programu, usisome boksi.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Usiulize kadi ipi ina namba kubwa. Uliza kazi yako itakwama wapi kwanza, halafu nunua namba ya pale. Yetu itakwama kwenye memori, kwa hiyo kura yangu naihamishia 3060 ya GB 12.

Wenzangu watatu, najua mnasoma hapa. Niliwashawishi kwa kujiamini kuliko hesabu, na ni bumu lenu pia. Kesho saa kumi kimbweta kile kile, njooni na kalamu mnikosoe. Nikishindwa kwa hesabu nitanyamaza, chai juu yangu.

Nawasilisha.