Jino la Kupandikiza Linataka Matunzo ya Kila Siku

Mwaka 1965, katika mji wa Göteborg nchini Sweden, Gösta Larsson, mtu aliyezaliwa na kasoro ya taya, alipandikiziwa meno na Profesa Per-Ingvar Brånemark. Miaka ya 1950, katika utafiti wa mifupa ya sungura, profesa huyo alikuwa amegundua kwamba mfupa hai hushikamana na metali ya titani kiasi kwamba kuvitenganisha ni kazi kubwa. Larsson alifariki mwaka 2006, na vipandikizi vyake vilikuwa vimemtumikia kwa zaidi ya miaka 40.

Habari kama hizo zimewafanya wengi waamini kwamba jino la kupandikiza likishawekwa, kazi imekwisha. Matangazo nayo hayasaidii. Yanasifu tabasamu jipya, lakini ni nadra kumweleza mteja yatakayompasa kufanya miaka yote inayofuata. Kumficha mgonjwa jambo hilo ni kumpunja, hasa anapolipa fedha nyingi kutoka mfukoni mwake.

Titani ya kipandikizi haiozi wala haitobolewi na sukari. Fizi na mfupa vinavyoizunguka, hata hivyo, ni viungo hai. Ukoga ukiachwa shingoni mwa kipandikizi, bakteria huzaliana hapo. Fizi huwa nyekundu, huvimba na kutoka damu wakati wa kupiga mswaki. Hatua hii ya kwanza huweza kupona ukoga ukiondolewa. Ikipuuzwa, ugonjwa hushuka chini na kuanza kuula mfupa, na mfupa uliokwisha kuliwa haurudi wenyewe. Mara nyingi hakuna maumivu yoyote, hivyo mgonjwa hushtuka anapoona usaha au kipandikizi kinapolegea.

Jino la asili lina ulinzi zaidi. Mzizi wake umefungwa kwenye mfupa na fizi kwa nyuzi zinazojichomeka ndani yake. Kwenye kipandikizi, nyuzi za fizi hupita kandokando tu bila kujichomeka, na damu inayofika hapo ni kidogo. Ndiyo maana maambukizi yakipenya huweza kwenda kasi kuliko kwenye jino la kuzaliwa nalo.

Utafiti wa Brazil uliochapishwa mwaka 2012 unaonyesha uzito wa matunzo. Watu 80 ambao fizi zilizozunguka vipandikizi vyao zilikuwa zimevimba walifuatiliwa kwa miaka 5. Kati ya waliorudi kliniki mara kwa mara kusafishwa na kuchunguzwa, asilimia 18 walifikia hatua ya kupoteza mfupa. Kwa wale wasiorudi, ilikuwa asilimia 43.9.

Matunzo ya nyumbani hayahitaji mitambo. Mswaki laini mara mbili kwa siku, uzi wa meno, na miswaki midogo ya kupenyeza pembeni mwa kipandikizi, ile ambayo waya wake umefunikwa plastiki ili usikwaruze titani. Mvutaji sigara yumo hatarini zaidi, sawa na mwenye kisukari kisichodhibitiwa na aliyepoteza meno yake ya asili kwa ugonjwa wa fizi. Hawa wanapaswa kuonwa na daktari mara nyingi kuliko wengine.

Daktari naye ana wajibu wake. Apige eksirei siku taji, yaani jino bandia la juu ya kipandikizi, linapowekwa, aihifadhi, ili miaka ijayo ilinganishwe na nyingine na mfupa uliopungua uonekane mapema. Ampe mgonjwa kadi yenye jina la mtengenezaji na saizi ya kipandikizi. Vifaa vya kufungulia skrubu za kipandikizi hutofautiana baina ya watengenezaji, kwa hiyo aliyepandikiziwa ng'ambo akarudi Mombasa au Mwanza bila kadi hiyo humpa daktari wa nyumbani kazi ya kubahatisha.

Kliniki zinazotaja bei ya kupandikiza zitaje papo hapo gharama ya kusafisha na kuchunguza kila mwaka, kwa maandishi. Mgonjwa asiyeelezwa aulize kabla ya kulipa. Na mwenye kipandikizi ambaye fizi yake inatoka damu anapopiga mswaki asisubiri maumivu: aende kwa daktari wiki hii, kabla mfupa haujaguswa.